Mtungi wa Baba, Magadi ya Bibi

Birika langu la umeme lina ukoko mweupe ndani, na kila nikilikamulia limau, ukoko unaanza kulia taratibu: tsss, tsss. Mimi huinamisha kichwa nikasikiliza. Wanangu wanasema mama kazeeka, kaanza kuongea na vyombo. Waache waseme. Wenzangu mliopanga foleni ya sukari mkiwa wadogo, halafu siku moja mkashangaa maduka yamejaa vitu mpaka barazani, nyie mtanielewa. Ile tsss inanirudisha Pasua, mjini Moshi, uani kwetu, mbele ya beseni la bati, mikono inaniwasha kwa limau na Bibi ananikataza nisijifute machoni.

Uani kwetu kulikuwa na kisima. Maji ya bomba wakati ule yalikuja yalipotaka yenyewe, kwa hiyo Baba alichimba kisima nyuma ya jiko na kukifungia pampu ya mkono. Maji tukayapata, lakini maji gani hayo! Sabuni ya mche unaisugua mpaka bega linauma, povu hakuna. Unapata uji mweupe unaong'ang'ania kwenye nguo. Shati langu la shule likikauka kwenye kamba, ukiliangusha chini lilikuwa linasimama. Chai ilikuwa na utando juu. Maharage yalichemka tangu asubuhi, na mchana ukiyatafuna yanakatika mawili, kila upande mgumu kama ulivyokuwa. Sisi tulishazoea, tulidhani maji yote ya mjini ndivyo yalivyo. Bibi hakuzoea.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Aliletwa kwetu kutoka Old Moshi, huko juu mlimani, kwa sababu ya mguu. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, panga likamponyoka likamkata juu kidogo ya kifundo, na kidonda kikakataa kupona. Daktari akataka akione kila mara. Kumpandisha na kumshusha mtu mzima namna ile hakukuwezekana, basi Baba akamleta Pasua, akalala nami kwenye kitanda changu. Nilikuwa mtoto pekee nyumbani, sikuwahi kulala na mtu. Alinukia moshi wa kuni na maziwa, na alikuwa na miguu baridi ambayo aliipasha kwangu bila kuniomba ruhusa. Nilimpenda mpaka nikawa simwachii nafasi hata ya kwenda chooni peke yake.

Alikuwa ananisimulia habari za mfongo. Huo ni mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka msituni, unapita katikati ya migomba, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyafungulia yaingie shambani. Maji ya mfongo, Bibi alisema, ukiyanywa meno yanauma kwa baridi, na ukiyaogea ngozi inateleza. Mimi nilikuwa nimeuona mfongo wakati wa Krismasi tu, tulipopanda mlimani kama kila mtu, na nilichokumbuka ni kwamba nilitumbukia humo na viatu vipya.

Mguu ulipoanza kufunga, Bibi akaanza wimbo mmoja: nitarudi kwangu. Baba hakutaka kuusikia. Kwetu Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayeachiwa kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya wazazi, na ndiye anayekaa na mama yake. Baba alikuwa kitinda mimba. Kihamba kilikuwa chake na mama alikuwa wake, lakini yeye alikuwa mjini, fundi bomba wa kiwandani, na sasa kiwanda nacho kilikuwa kimeuzwa na mafundi wamepunguzwa, naye bado yuko mjini anatafuta vibarua. Kwa hiyo kama hawezi kupanda kwa mama, mama na ashuke kwake. Hivyo ndivyo alivyoona.

"Utarudi ufanye nini, Mama? Peke yako, kwenye utelezi ule?"

"Nimeteleza kule kabla hujazaliwa," Bibi akasema. "Hapa ndipo nitakapofia. Maji yenu haya yananichubua. Mtu huoga akatoka mchafu kuliko alivyoingia."

Baba akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo kinachokuondoa ni maji?"

Bibi alikoroga uji wake. "Ni maji," akasema.

"Yakitengenezeka, utakaa?"

"Yatengeneze kwanza tuone."

Mama alimtupia Baba jicho, akaendelea kupakua. Lakini mimi nilikuwa nimesikia ahadi. Kichwani mwangu jambo lilikuwa rahisi kabisa: maji yakiwa mabaya Bibi anaondoka, maji yakiwa mazuri Bibi anakaa, na mimi nitakuwa na mtu wa kulala naye mpaka nitakapoolewa. Kuanzia hapo hakuna mtu Moshi nzima aliyekuwa na wasiwasi wa maji kuliko mimi.

Haikupita wiki, Baba akaingia uani na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kitu kirefu cha chuma cha rangi ya buluu iliyobanduka, kirefu kunishinda, chenye matundu ya kuunganishia mabomba juu na chini. Aliyenunua kiwanda hakutaka vyombo vya zamani, akawaachia mafundi wachukue watakacho. Wenzake Baba walichukua milango na mabati. Baba alichukua mtungi. Mama aliuzunguka akiwa ameshika kiuno, akauliza kama hakukuwa na milango iliyobaki.

"Huu ulikuwa unalainisha maji ya boila," Baba akasema. "Maji yenye chokaa yakiingia boila yanaganda, mabomba yanaziba. Yanapita humu kwanza, chokaa inabaki, maji yanatoka laini."

"Inabaki wapi?" nikauliza.

"Subiri, Kiherehere." Hilo ndilo jina alilonipa, na kwa kweli halikuwa la kunisingizia.

Nilisubiri bila kuketi. Baba alichagua mahali nyuma ya jiko, penye kivuli cha ukuta, kwa sababu alisema jua likiuwakia mtungi kutwa, vitu vya ndani vitaharibika. Akachimba, akamwaga zege, akalisawazisha kwa pima maji, kile kibao chenye kitobo cha kioo na kipovu ndani. Alinipa nikishike nimwambie kipovu kikikaa katikati. Kilikuwa hakitulii! Nilishusha pumzi ndipo kikatulia, nikaamini kwamba ni mimi niliyesawazisha lile zege. Juu ya kiunzi cha mbao akapandisha pipa la maji, ili maji ya kisima yakishapampiwa humo yashuke yenyewe mpaka kwenye mtungi. Kila bomba aliloliunga alilizungushia nyuzi za katani kwenye meno ya bomba na kuzipaka rangi, halafu akakaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo inatoka. Uani kote kulinuka rangi na chuma.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni mwa jiko, mguu ameunyoosha juu ya tofali, anamenya ndizi na kutazama kila kitu. Alikuwa anamenya bila kuangalia mikono. Macho yalikuwa kwa Baba tu.

Kisha Baba akafungua gunia dogo na kumimina vilivyomo kwenye beseni, tukasogea wote. Zilikuwa punje ndogo za mviringo, nyekundu za kahawia, zinang'aa kwa unyevu.

"Ulezi!" Bibi akasema. "Ee Ruwa, Mungu wangu, umeleta ulezi. Na ni mbichi. Unapika mbege?"

Mimi mara moja nikaelewa. Pipa lipo, maji yapo, ulezi upo: Baba amepunguzwa kazi, anafungua kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nyumbani kwetu na anatuficha. Kesho yake shuleni nikamwambia rafiki yangu, naye akamwambia mama yake, na jioni jirani yetu Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu mwenye heshima zake aliyekuwa anachota maji kwetu, akaja kusimama langoni na ndoo tupu.

"Baba yako yupo?" akaniuliza. "Nimesikia mambo. Mimi na kisima chenye pombe hatupatani, nataka nijue mapema."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwingiza Mama Zuhura, akachota punje kiganjani na kumwonyesha. Si ulezi, ni dawa iliyotengenezwa kiwandani. Maji yakipita, kila punje inadaka chokaa na kuishikilia. Zikijaa zinachoka, haziwezi kudaka tena. Hapo unazimiminia maji ya chumvi, zinaiachia chokaa, unaimwaga nje, zinaanza upya. Wakati wanaongea nilikuwa nimeshaitia moja mdomoni. Haikuwa na ladha yoyote, nikaitema.

"Ngoja," Bibi akasema kutoka kigodani. "Unatia chumvi kwenye maji yenye chumvi ili chumvi itoke?"

"Si chumvi ile, Mama. Ni chokaa."

"Na chumvi unatia?"

"Natia, lakini baadaye inamwagwa."

"Haya," Bibi akasema, akarudi kwenye ndizi zake. "Nyie ndio mliosoma."

Jumamosi mambo yakawa tayari. Baba alikuwa amekoroga chumvi ya mawe kwenye ndoo na kuiteremsha mtungini kwa mpira kwenye koki ya pembeni, akaiacha ikae, akaimwaga. Akafungua koki kubwa. Mama alikuwepo, Mama Zuhura alikuwepo, mimi nilikuwa na sabuni mkononi. Maji yakatoka kwenye bomba la mwisho, meupe, mazuri kwa macho. Nikanawa. Sabuni ikakatika vipande kama maziwa yaliyoganda. Nikaonja nikakunja uso: chumvi tupu.

"Bado hayajasafika," Baba akasema. "Yaache yatoke." Tukayaacha yatoke. Pipa likaisha, tukapampu tena, likaisha tena. Chumvi ilipungua lakini povu halikuja. Baba alijaribu sabuni mwenyewe, akasugua, akasugua, akaiweka juu ya pipa polepole. Punje ni za zamani, akasema, zimechoka sana, labda zinahitaji chumvi nyingi zaidi, labda zimekufa. Mama Zuhura alimpa pole akajaza ndoo yake kwa maji yale yale ya kisima. Bibi nakumbuka alikuwa ameacha kumenya.

Usiku huo nilimshika Bibi kwa mikono yote miwili na kulala hivyo hivyo.

Jumapili tulikwenda kanisani sisi watatu. Bibi alisema mguu unamvuta, atasalia nyumbani. Tuliporudi tulimkuta uani, kitenge amekifunga kiunoni, amechangamka.

"Hebu jaribuni tena maji," akasema. "Pengine usiku yametulia."

Baba hakuwa na hamu, ila mimi nilishafika kwenye bomba. Jamani! Povu lilipanda mpaka kwenye viwiko. Maji yalikuwa yanateleza, mikono haiachi kuteleza hata nikisuuza. Nilipiga kelele. Mama akaja akanawa akiwa na nguo zake za ibada, Baba akanawa, akanusa maji, akanawa tena, akaanza kucheka peke yake. Alimbeba Bibi pamoja na kigoda chake, akamzungusha uani, naye anampiga mgongoni akisema niweke chini, mguu, mguu! Siku ile nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijui kama nimeipata tena. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha: maji yamekuwa mazuri na Bibi anakaa.

Jumatatu maji yalitoka na weupe wa maziwa. Jioni yakawa yanatoka uzi mwembamba. Jumanne asubuhi hata tone.

Baba alifungua kifuniko cha juu cha mtungi, akaingiza mkono na kuutoa na bonge. Zile punje zilikuwa zimegandamana, zimepakwa kitu cheupe. Akapeleka ulimi kwenye ncha ya kidole. Nilimwona uso unabadilika. Akafuata ile ndoo ya chumvi, akaikwangua chini, akaonja na hapo.

"Magadi," akasema.

Watu wa kwetu hamna haja ya kuelezwa magadi, lakini kwa asiyejua, ni yale mawe meupe ya kijivu tunayotia kwenye makande na kiburu cha ndizi na maharage ili viive haraka. Bibi alikuja nayo kutoka mlimani, amefunga kwenye kitambaa. Baba alimtazama Mama, Mama akatikisa kichwa.

"Ni mimi," Bibi akasema kutoka mlangoni.

Baba alisimama akiwa na lile bonge mkononi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mimi nilijua sauti ile, ndiyo aliyoongea nayo siku aliyokuja na barua ya kiwandani. "Mama, kama hutaki kukaa ungesema tu. Hukuwa na haja ya kuniharibia."

Wee! Sijapata kumwona Bibi amekasirika namna ile. Alinyanyuka kigodani bila kushika kitu.

"Nikuharibie? Mimi? Niliyekubeba mgongoni na kikapu cha kahawa kichwani, nije nikuharibie kazi yako? Jumamosi nilikuona uso. Umefanya kazi kutwa, watu wamekuja kutazama, na chombo kinakuaibisha. Nikasema moyoni, mwanangu amesahau kitu. Amekitilia chumvi. Tangu lini chumvi ikalainisha? Maharage yakiwa magumu tunatia nini? Nguo zikigoma kutoa povu tunatia nini? Ulipokuwa mtoto nepi zako nilizifulia nini? Nikachukua magadi yangu, nikayakoroga ndooni, nikafungua kile kikoki kama nilivyokuona wewe ukifungua. Na povu mlilipata! Hamkulipata?"

Tulilipata. Mama ndiye aliyeanza, aligeuka ukutani mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Kisha Baba akaketi juu ya ndoo na kuanza kucheka, akacheka mpaka machozi, bonge bado liko mkononi.

"Kwenye ndoo usingekosea, Mama," akasema alipoweza kusema. "Magadi yanaiangusha chokaa chini. Sasa wewe umeiangushia tumboni mwa mtungi."

"Basi itoe," Bibi akasema, bado amenuna.

Kuitoa ndiko kulikotuletea limau. Baba alisema chokaa haipatani na uchachu, akanituma kwa majirani na sokoni, nikarudi na kapu limejaa. Akachota punje zote mtungini akazimwaga kwenye beseni la bati. Tukakamua, na punje zikaanza kulia, tsss, zinatoa vipovu vidogo vidogo. Niliinamisha sikio karibu kabisa. Bibi alisogeza kigoda, akakunja mikono ya gauni, akaingiza mikono kwenye beseni na kuanza kuzisugua na kuzizungusha, kuzipandisha na kuzishusha, maji machafu yanamwagika kwa mbele na punje zinabaki nyuma, hata moja haimponyoki. Maisha yake yote alikuwa ameosha ulezi wa mbege, na sasa alikuwa anaosha dawa ya boila kwa mikono ile ile. Baba alijaribu kumuiga akamwaga nusu. Bibi akamwondoa kwa kiwiko.

Ndipo nikapata wazo. Lilinijia lote kwa mkupuo na nilikuwa sijui kunyamaza na jambo.

"Bibi, kumbe unataka kukaa!" nikasema. "Ungekuwa unataka kuondoka usingetia magadi. Ungeyaacha maji yawe mabaya."

Mikono ya Bibi ikasimama ndani ya beseni. Baba alikuwa anakata limau, akaacha kukata. Nilimtazama huyu, nikamtazama huyu, nikaona nimesema kitu ambacho kilikuwa hakitakiwi kusemwa, lakini sikujua ni kipi.

"Nilitia magadi ili chombo cha baba yako kifanye kazi," Bibi akasema taratibu. "Nilitaka kifanye kazi mimi nikiwepo. Sikutaka nimwache na aibu." Halafu akamgeukia Baba. "Mguu umepona, mwanangu. Unaniona nasimama. Nikiongeza siku hapa nitazoea. Chakula kizuri, mkwe mzuri, huyu mtoto ananipasha moto usiku. Nitazoea, nitaisha humu ndani, na siku ya kurudi nyumbani mtanipandisha nimelala kwenye gari. Sitaki. Kile kilima nataka nikipande kwa miguu yangu."

"Ulisema ni maji," Baba akasema.

"Ningekuambia nini? Kwamba nyumba yako siipendi? Naipenda. Nilitafuta sababu isiyokuumiza, nikaona maji hayana mama wala baba, nikayasingizia. Sikujua utakwenda kuleta mtungi!"

Baba alichukua limau lingine akalikata, akalikamua lote mpaka ganda likageuka, akachukua lingine. Machozi yalikuwa yanamtoka, na wakati ule nilijiambia ni limau. Mimi nililia wazi wazi, sikuwa na cha kusingizia. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimelinda maji yale wiki ngapi, nimeonja punje, nimeshika pima maji, kumbe tangu mwanzo hayakuwa na uwezo wowote wa kumzuia mtu.

"Nisubiri basi nimalize," Baba akasema hatimaye. "Uone yakitoka."

"Nitasubiri," Bibi akasema.

Alisubiri. Baba angeweza kuuvuta ule mtungi mwezi mzima, na sasa kwa kuwa nami nina wazazi wazee najua kishawishi kilikuwepo. Hakuuvuta. Alirudisha punje, akabadilisha katani kwenye kila unganisho, akatia chumvi mara mbili ya ile ya mwanzo, akaiacha usiku kucha, asubuhi akasafisha mpaka nilipoonja nikasema hakuna chumvi tena. Bibi mwenyewe ndiye aliyefungua koki. Alichukua shati langu la shule, lile la kusimama, akalifua pale pale akiwa ameinama kwa kiuno kama wanavyofua mlimani. Povu lilikuwa jeupe na la kweli, si la utelezi kama lile la Jumapili. Akalikamua shati, akalipiga hewani, akalinusa.

"Aika, mwanangu," akasema. Hiyo ni asante ya kwetu. "Maji yametulia. Waite na Mama Zuhura aje achote."

Jioni aliogea yale maji, akakaa jikoni akijipaka mafuta miguuni, akiusifia mtungi kwa kila aliyepita. Mimi nilikuwa nasikiliza kama kuna neno linalofanana na "nitakaa". Halikuwemo.

Tulimpandisha siku ambayo mvua ilikuwa imekatika asubuhi, kwa pikapu ya rafiki wa Baba. Gari liliishia pale barabara inapokuwa ya matope, na kutoka hapo ni kilima, njia nyembamba kati ya migomba, udongo mwekundu unang'aa. Baba aliteremka mbio akanyoosha mkono. Bibi aliupiga kofi mkono ule.

"Beba mfuko," akasema.

Akaanza kupanda. Hakuwa na haraka. Kila baada ya kitambo alisimama, akajifanya anatazama kahawa ya fulani, kisha akaendelea. Baba alikuwa nyuma yake kabisa, mikono ameitanguliza kidogo, tayari kumdaka, na hakumgusa. Mimi nilikuwa nyuma ya Baba, naona kisigino cha Bibi na lile kovu likipanda na kushuka, na katika hasira yangu yote nilijikuta namwombea asiteleze. Kwenye mfongo kulikuwa na jiwe la kuvukia. Akaliangalia, akainua sketi, akavuka. Nilisikia Baba anashusha pumzi.

Nyumba ilikuwa imefungwa muda wote ule. Bibi alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge, akatoa ufunguo, akausukuma mlango kwa bega. Harufu ya majivu ya zamani ikatujia. Aliingia peke yake. Sisi tulibaki uani na mifuko yetu, tukimsikia ndani anafungua dirisha, anahamisha kigoda, anakohoa vumbi. Baba alishika fremu ya mlango. Nyumba ile ilikuwa yake, kila mtu kijijini alijua ni yake, angeweza kuingia tu. Alisimama pale.

"Hodi," akasema.

Bibi akajibu kutoka ndani, kwa sauti kubwa iliyonyooka ambayo miezi yote aliyokaa kwetu sikuwahi kuisikia.

"Karibu! Karibu kwangu, mwanangu. Pita, ukae."

Baba akavua kofia, akainama chini ya mlango, akaingia.